Vizibo vya mviringo vya kutilia njumu: namna ya kuvitengeneza bila kerezo

Fundi anayetaka kupamba kifuniko cha kisanduku kwa njumu (mapambo yanayozamishwa ndani ya mbao) za nukta ndogo hahitaji kerezo, yaani mashine ya kuchongea mbao ikizunguka, kwa sababu uduara wa kizibo, kile kipande kifupi cha mbao kinachojaza shimo na kuonekana kama nukta, hautoki mkononi mwake, bali katika tundu la chuma ambamo kijiti hupitishwa kwa nguvu. Somo hili linahusu vizibo vya kipenyo cha milimita 4 hadi 10.

Hatua ya 1: Bamba. Chukua bamba la chuma lenye unene wa milimita 5 au 6, ulitoboe matundu yanayopungua taratibu, mathalani milimita 9, 8, 7 na 6. Tundu la mwisho litoboe kwa biti ileile utakayotobolea kazi yako, kwani biti mbili zenye namba moja zaweza kutofautiana kiasi cha kukifanya kizibo kilegee. Kwa upande wa chini, panua kila tundu kidogo kwa tupa ya mviringo ili kijiti kisisuguliwe kikishakatwa; ukingo wa juu usiuguse, maana huo ndio ukatao. Kisha sugua uso wa juu kwenye msasa laini uliolazwa juu ya kioo mpaka kingo ziwe kali.

Hatua ya 2: Vijiti. Hapa ndipo wengi huharakisha, nami nasisitiza: pasua kwa patasi, usichane kwa msumeno. Mpasuko hufuata nyuzi za mbao, ilhali msumeno huzikata mshazari, na kijiti cha namna hiyo huvunjika kikipigwa. Mbao iwe imekauka barabara, kwa sababu hunywea kufuata duara za ukuaji karibu maradufu ya inavyonywea kuelekea kiini. Kijiti kilichopitishwa kikiwa kibichi huja kuwa na umbo la yai, hata kama tundu lilikuwa duara kamili. Urefu wa milimita 80 hadi 100 unatosha, kwani kirefu zaidi hupinda.

Hatua ya 3: Kupitisha. Chonga ncha ya kijiti, liweke bamba juu ya gogo lenye tundu pana, kisha ukipige kijiti wima kwa nyundo ya mbao, tundu baada ya tundu, bila kuruka hata moja. Kikikaribia kuzama, kimalizie kwa kukisukuma na kijiti kingine.

Hatua ya 4: Kukata na kubandika. Toboa kibao kigumu kwa kipenyo kilekile, uingize kijiti, ukikate kwa msumeno wa meno madogo. Kwa shimo la kina cha milimita 3, kizibo kiwe na urefu wa milimita 4. Lainisha ukingo wake wa chini, paka gundi kidogo shimoni, ukigongee ndani, na gundi ikikauka upunguze kilichozidi kwa patasi kali.

Maswali ya wanachama

Swali: Fundi, mbona nukta zangu zikipakwa vanishi huwa nyeusi kuliko mbao yenyewe?

Jibu: Kizibo cha kijiti huonyesha kichwa cha nyuzi, yaani ncha zake zilizokatwa, nacho hunywa vanishi nyingi. Ukitaka nyuzi zilale sawa na za ubao, tafuta bomba la chuma, ulitie meno kwa tupa, ulifunge kwenye drili ya kusimama, ukate uso wa ubao hadi kina unachotaka, kisha ukibandue kizibo kwa patasi nyembamba.

Swali: Je, siwezi kukifunga kijiti kwenye drili na kukizungusha ndani ya msasa?

Jibu: Unaweza, na kwa kizibo kimoja au viwili njia hiyo inafaa. Lakini vidole havibani kwa nguvu moja wakati wote, hivyo kijiti huwa chembamba mahali na kinene mahali, na vizibo kumi vya aina hiyo havitalingana.

Swali: Natumia mpingo katika mbao nyeupe, gundi haishiki vizuri na vumbi limechafua kazi nzima.

Jibu: Mpingo una mafuta, kwa hiyo ufute kwa asetoni muda mfupi kabla ya kubandika. Kuhusu vumbi, usitumie msasa kabisa. Kwangua kwa bamba jembamba la chuma lenye ukingo mkali, uondoe maganda mara kwa mara kwa brashi, na uvae barakoa, kwani vumbi la mpingo huwasha ngozi na kifua.