Jinsi ya kusoma barua za Theodore Roosevelt mtandaoni bila kupotea

Watu wengi wanaingia, wanaandika "Roosevelt Kenya", hawapati kitu, wanafunga. Inaniuma, maana hazina yenyewe iko wazi na ni bure kabisa. Kwanza hakikisha unamtafuta Theodore, yule rais wa Marekani aliyetoka madarakani Machi 1909 na mwezi uliofuata tu akashuka Mombasa kuwinda na kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian huko Marekani. Sio Franklin wa Vita Kuu ya Pili, za huyo ziko Hyde Park, New York.

Sehemu kubwa iko Maktaba ya Kongresi ya Marekani, nyaraka karibu 276,000, na mwenyewe alianza kuzipeleka akiwa bado hai. Zimeskaniwa kutoka maikrofilamu, yaani mikanda ya filamu yenye picha ndogo ndogo za kurasa, na kupangwa kwa tarehe, kwa hiyo ukitafuta neno lililoko ndani ya barua usitegemee kulipata. Fanya hivi, anzia maktaba ya dijitali ya Theodore Roosevelt Center, chuo cha Dickinson State huko North Dakota, wao wameeleza barua moja moja, kaandika nani, kwa nani, lini, inahusu nini, ukishapata jina na tarehe ndo unarudi Kongresi unafungua mwaka huo na kushuka taratibu mpaka siku yenyewe. Na utafute "British East Africa", koloni limeitwa Kenya mwaka 1920.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokwama. Barua aliyoandikiwa ilibaki kwake, lakini aliyoandika yeye iliondoka, kwa hiyo ofisini walibaki na kopi: wanachukua karatasi nyembamba kama ngozi ya kitunguu, wanailowesha kidogo, wanaibana na barua mpaka wino unajichapa kinyume, halafu unasoma kwa upande wa pili. Ndo maana utakuta kurasa zimefifia na herufi zimetanuka, skani haina shida. Kuza picha, ongeza giza kidogo, anza na neno unalolijua kama tarehe au jina la mtu, uone anavyoandika "r" na "n" zake, hapo mengine yanafunguka yenyewe.

Ila akiwa porini alikuwa anaandika kwa mkono, na barua za namna hiyo zimebaki zaidi kwa waliopelekewa, mfano rafiki yake seneta Henry Cabot Lodge, karatasi zake ziko Massachusetts Historical Society, Boston. Pia angalia Harvard, Houghton Library.

Kabla hujafunga ukurasa andika namba ya seria (kundi la nyaraka), ya rili (mkanda wa maikrofilamu) na ya picha, tafadhali sana, kuitafuta upya kati ya maelfu ni kazi ya siku nzima.

Na ukikuta barua ya taipu ambayo yeye kaingiza maneno kwa kalamu katikati ya mistari, anza na hayo maneno. Karani kashamaliza kazi yake, barua iko tayari kuondoka, na bado rais anaona kuna kitu hakijakaa sawa.