Kihusishi au kielezi? Namna ya kutofautisha katika Kiingereza

Wanafunzi wengi hunijia na orodha waliyoikariri: "in", "up" na "inside" ni vihusishi, na kila neno lenye "-ly" ni kielezi. Iweke kando. Maneno mengi ya Kiingereza hayana kundi moja la kudumu. Kazi ya neno ndani ya sentensi ndiyo inayolitambulisha.

Hatua ya 1: Tafuta nomino iliyoshikwa

Katika "She went inside the house", neno "inside" limeshika "the house", basi ni kihusishi. Katika "She went inside" halikushika chochote, linaeleza tu alikokwenda. Hicho ni kielezi. Swali kama "Who are you talking to?" lisikubabaishe: "to" bado imeshika "who", ila "who" imehamia mwanzoni.

Hatua ya 2: Weka "it"

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo usiende haraka. Linganisha "He looked up the word" na "He climbed up the hill". Zinafanana kabisa kwa macho. Sasa ondoa nomino, weka "it". Ya kwanza inakuwa "He looked it up". Ya pili inabaki "He climbed up it". Kihusishi hukaa mbele ya "it" yake. Ile "up" iliyoruka nyuma ni kielezi kilichoungana na kitenzi, na "look up" sasa maana yake ni kutafuta neno kwenye kamusi, wala si kutazama juu.

Hatua ya 3: Chunga Kiswahili chako

"Nakwenda nyumbani" hutuponza tuseme "I am going to home". Hapo "home" tayari ni kielezi, sawa na "nyumbani", hivyo haidai "to": "I am going home". Ukisema "my home" inakuwa nomino, na "to" inarudi.

Kiambishi "-ni" nacho kina mzigo mkubwa. Kitabu kikiwa mezani ni "on the table". Watu wakikaa mezani kula ni "at the table". Kabla ya kuchagua, jiulize: ni ndani, ni juu yake, au ni hapo tu?

Kuhusu "-ly", kumbuka kwamba "friendly" ni kivumishi, na "hard" ni kielezi bila kuongezwa kitu. "She works hard" ni kumsifu. "She hardly works" ni kusema karibu hafanyi kazi kabisa.

Jipime: "She turned off the light" na "She turned off the road". Ni ipi inayokubali "it" iingie katikati?