Somo: Mazoezi ya nguvu kwa sisi wakimbiaji wa kawaida (soma kabla hujanipigia)

Wiki hii nimeulizwa swali moja mara sita. Mara ya mwisho nilikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa: "Wewe ulifanyaje goti likaacha kukuuma ukishuka mlima Menengai?" Naandika hapa mara moja. Atakayeniuliza tena nitamtumia hii bila hata salamu.

Mimi si kocha wala daktari. Nauza simiti na misumari hapa Nakuru, nakimbia mara nne kwa wiki, na kilomita 21 zangu hazijawahi kumtisha mtu. Kama mguu umevimba au maumivu yanakuamsha usiku, usitafute dawa kwangu. Nenda hospitali.

Vifaa. Ngazi imara, kiti kisichoyumba, begi la mgongoni na mitungi ya maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo mizani huhitaji.

Siku. Mara mbili kwa wiki, zisifuatane. Fanya jioni ya siku uliyokimbia mbio ngumu, ili siku ya kupumzika ibaki ya kupumzika kweli.

Uzito. Seti tatu, kila seti mara nane, pumzika dakika mbili katikati. Mara mbili za mwisho ziwe ngumu lakini mwili usipinde. Ukiweza kufanya mara thelathini huku unapiga domo, hiyo si nguvu, ni uvumilivu, na uvumilivu tayari unao.

1. Pasha mwili joto dakika tano.

2. Kuchuchumaa. Kumbatia begi kifuani, visigino visiondoke chini. Shuka polepole, hesabu hadi tatu. Kinachotutesa tukitoka kreta, lile shimo la volkeno la Menengai, ni mteremko, maana paja linajikaza huku linavutwa kurefuka. Kwa hiyo kushuka ndiyo kazi yenyewe.

3. Kupanda kiti kwa mguu mmoja. Mguu ulio chini usikusukume. Najua utaiba. Kila mtu huiba.

4. Kuinama kwa mguu mmoja. Anza na mtungi wa lita 5 mkononi. Mgongo unyooke, makalio yarudi nyuma kama mtu aliyejaza mikono mizigo anayefunga mlango kwa makalio.

5. Visigino. Hapa ndipo nilipojiumiza, kwa hiyo tulieni.

Nilisikia kwamba mkimbiaji asimame ukingoni mwa ngazi, ashushe kisigino chini ya ukingo, apande tena. Ni kweli, zoezi lipo na limesaidia wengi. Mimi siku ya kwanza nilijaza begi kilo 15 za misumari, nikafanya mguu mmoja mmoja, mara kumi na tano, seti tatu. Kesho yake Jumamosi nikapanda Menengai na wenzangu nikijiona simba. Jumapili asubuhi nilitoka kitandani nimeshika ukuta. Nikibonyeza pale kano, ule mshipa mgumu wa nyuma ya mguu, linaposhikana na mfupa wa kisigino, nilihisi kama nimejigongea mali yangu mwenyewe ya dukani. Wiki tisa sikukimbia.

Baadaye nilielezwa kosa. Kisigino kikishuka chini ya ukingo, kano linabanwa dhidi ya mfupa. Kwa mtu ambaye pale pana maumivu tayari, unazidi kulichokoza. Mtu wa namna hiyo afanyie sakafuni tu. Kama maumivu yako juu zaidi, sentimita chache katikati ya kano, ngazi kwa kawaida haina neno, ukienda taratibu.

Utaratibu: wiki mbili za kwanza sakafuni, miguu yote miwili. Halafu mguu mmoja, sakafuni bado. Halafu ngazi bila mzigo. Begi ndilo la mwisho, uanze na kilo 2 au 3. Panda, tulia kidogo juu, shuka kwa hesabu ya tatu. Usidunde! Nusu ya seti goti liwe limenyooka, nusu limekunjwa kidogo. Goti likikunjwa, kazi inahamia msuli wa ndani wa shavu la mguu, ambao ndio unaokubeba unapokimbia, kwa sababu hakuna anayetua na goti lililonyooka kama mlingoti.

Kipimo ni asubuhi inayofuata. Hatua za kwanza kwenda chooni zikiwa ngumu kuliko jana, ulizidisha. Rudi hatua moja.

6. Ubao wa viwiko. Lala kifudifudi, jiinue juu ya viwiko na vidole vya miguu, mwili unyooke kama ubao. Sekunde 30, mara tatu. Kiuno kisining'inie.

MASWALI

Goti_Bovu: Kaka, seti ngapi?

— Imeandikwa.

MamaWawili: Asante kwa somo. Naogopa kujaa misuli nikawa mzito barabarani. Halafu watoto wanaamka saa kumi na moja, dakika arobaini za kufanya yote haya sizioni.

— Dada, usiogope. Misuli mikubwa inataka chakula kingi na miaka ya kazi. Nguvu utakayoiona wiki za kwanza inatoka zaidi kwenye neva, mwili unajifunza kuita misuli uliyo nayo. Muda ugawe: visigino na ubao siku moja, yaliyobaki siku nyingine. Mimi visigino hufanya chai ikichemka.

Mbio_Kisumu: Watu wa Iten, mji wa wakimbiaji, hawainui vyuma na wanashinda dunia nzima. Msipotoshe watu.

— Umefika Iten? Kituo cha mazoezi alichokianzisha mkimbiaji Lornah Kiplagat kina jimu. Na hata asiyeingia jimu anapanda vilima kila siku tangu utotoni. Wewe wiki jana ulipanda kilima cha Riat hapo kwenu mara ngapi?

Mbio_Kisumu: Kisumu kuna joto.

— Haya.

Fundi_Lanet: Mimi nabeba mifuko ya simiti kutwa, kilo 50 kila mmoja. Bado nahitaji haya?

— Swali zuri, na wewe ni mtu wa biashara yangu. Mgongo na mapaja unayo. Ila mfuko unaubeba kwa miguu miwili, na ukikimbia unatua kwa mmoja. Jipime: mguu mmoja, sakafuni, kidole kimoja ukutani usiyumbe. Inua kisigino, hesabu hadi kimo kianze kupungua. Niambie kila upande.

Fundi_Lanet: Kulia 22. Kushoto 11! Kushoto ndiko nilikoteguka kifundo kwenye mpira, mwaka wa nne sasa.

— Basi umejijibu. Anza na kushoto kila mara, na kulia ufanye idadi ile ile ya kushoto, usizidishe. Ukifika 20 ndipo uguse ngazi.

Goti_Bovu: Na hizo seti ni za kila siku?

— Ndugu yangu, soma "Siku".

MamaWawili: Mtungi unanikata vidole, na maji yanacheza humo ndani nayumba kama mlevi.

Fundi_Lanet: Zungushia mkono wa mtungi kipande cha tyubu ya baiskeli. Nenda kwa fundi yeyote wa baiskeli, hizo zilizotoboka anatupa.

— Hiyo sikuijua, nimeiba. Maji hucheza mtungi usipojaa. Ujaze pomoni au tia mchanga mkavu, ila hesabu inabadilika: lita 5 za mchanga ni kama kilo 8, si 5.

MamaWawili: Mchanga nao unauzwa kwa lori zima.

— Pita dukani na mtungi wako. Wa lita 5 sikutozi.