Usitupe themostati, badilisha mwenyewe nyumbani

Nianze na hili maana linaniuma. Gari ikichemsha tu, mtu anang'oa themostati anaitupa, anafunga kifuniko anakwambia sasa injini itapoa vizuri, na kweli geji ya joto inashuka unaondoka umefurahi. Mimi nilishafanyiwa hivyo na fundi, nikatembea miezi kadhaa geji imelala chini, gari inakunywa mafuta kuliko zamani, hita haitoi joto, nikaja kujua baadae kwamba ile kitu haikuwa imeharibika hata, shida ilikuwa rejeta imeziba.

Themostati ni valvu ndogo yenye nta ndani. Nta ikipata joto inatanuka inasukuma valvu inafunguka, ikipoa springi inairudisha. Nyingi zinaanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 90 hivi, na namba yake utaikuta imegongwa kwenye bati lake. Kabla ya hapo maji yanazunguka ndani ya injini tu bila kwenda kwenye rejeta ili injini ipate moto haraka. Ukiitoa, injini inakaa baridi muda mrefu, kompyuta inazidisha petroli, petroli nyingine inashuka kwenye oili, ringi na silinda zinalika taratibu. Na kuna injini ukitoa themostati ndo zinachemsha zaidi, kwa sababu kile kisahani cha chini kinachoziba njia ya mkato hakipo tena, kwa hiyo maji ya moto yanarudi injini bila kupita kwenye rejeta.

Sasa utajuaje imekufa? Ikigoma kufunga, geji inachelewa kupanda na ukiwa barabarani kwa spidi inashuka tena, kwenye magari yenye kompyuta inaweza kuwaka taa ya injini na mashine ya kupima ikasoma namba ya hitilafu P0128. Ikigoma kufunguka, gari inachemsha ndani ya dakika chache. Shika mipira ya rejeta kwa tahadhari: kama themostati iko upande wa mpira wa juu, huo mpira utabaki wa baridi wakati geji imeshapanda, kama iko upande wa chini basi wa juu utakuwa moto na wa chini baridi. Ila rejeta iliyoziba, hewa iliyonasa au pampu ya maji iliyokufa zinaweza kuleta dalili hizo hizo, usikurupuke.

Kabla ya chochote injini iwe imepoa kabisa, na nasema kabisa, iache masaa kadhaa au ilale usiku kucha. Mfuniko wa rejeta unashikilia presha, ukiufungua ikiwa moto maji yanaruka usoni, watu wameungua vibaya kwa haraka ya dakika tano.

Weka beseni chini, fungua mfuniko, afu legeza koki ya chini ya rejeta umwage mpaka maji yashuke chini ya usawa wa themostati. Kama koki imeganda usiilazimishe, ni plastiki itakatika, toa tu mpira wa chini. Kulanti, yaani yale maji ya dawa ya kupoozea injini, usiimwage uani. Nyingi zina sumu na ladha yake ni tamu, mbwa, paka na hata mtoto wanaweza kuilamba, iweke kwenye dumu lenye mfuniko mpaka utakapoipeleka kwenye gereji inayopokea.

Kuipata ilipo, fuata mpira mkubwa wa rejeta mpaka unapoingia kwenye injini, hapo kuna kifuniko chenye bolti mbili au tatu. Wengi wanatafuta kwenye mpira wa juu tu, lakini Toyota nyingi iko upande wa chini karibu na pampu ya maji. Bana klipu kwa plaizi, zungusha mpira kwanza ndo uvute. Bolti mara nyingi ni spana namba 10, fungua taratibu, ikiwa na kutu pulizia dawa ya kutu usubiri, ikikatikia ndani siku yako imeisha.

Piga picha kabla hujaitoa! Upande wenye springi ndo unaingia ndani kwenye injini, na kama ina katundu kadogo kenye kapini kanachocheza, kakae juu maana hapo ndo hewa inapotokea. Ukiifunga kinyume gari itachemsha na utalaumu spea bure.

Hata mpya ipime kwanza. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, pasha moto ukiwa na kipimajoto, inatakiwa ianze kufunguka karibu na ile namba yake na ikipoa ifunge yenyewe. Ile ya zamani nayo ipime, utajua kama kweli ndo ilikuwa mkosaji.

Futa pale kifuniko kinapokalia mpaka pawe safi, tumia kitu cha plastiki, bisibisi inachimba alumini na maji yatavuja hapo milele. Gasketi weka mpya. Kama ni ya mpira usipake silikoni, inazidi na vipande vinaenda kuziba rejeta. Kaza bolti kwa kupokezana kidogo kidogo, bolti za milimita 6 kwenye alumini kama Nm 10 (kipimo cha nguvu ya kukaza) zinatosha.

Hapa kwenye kujaza ndo wengi wanaharibu. Changanya kulanti ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari na maji yasiyo na madini kama yale ya betri, nusu kwa nusu, maji ya bomba yanaacha magadi ndani. Mimina polepole huku unaminyaminya mipira, kama injini ina skrubu ya kutolea hewa ilegeze mpaka yatoke maji bila mapovu. Washa gari mfuniko ukiwa wazi, hita weka kwenye moto wa mwisho, acha injini ingurume bila kukanyaga mafuta huku unaongeza kadiri usawa unavyoshuka, ukiona mpira wa rejeta umepata moto ujue themostati imefunguka, funga mfuniko kabla hayajaanza kufurika. Subiri feni iwake na kuzima mara mbili. Hita ikitoa ubaridi wakati geji iko katikati bado kuna hewa ndani.

Zunguka mtaani kidogo macho kwenye geji, afu kesho yake asubuhi ikiwa baridi angalia usawa tena, kupungua kidogo ni kawaida, ongeza. Ikiendelea kupungua kila siku na chini hakuna tone, angalia mfuniko wa oili kama kuna utando kama maziwa na moshi mweupe kwenye ekzosi, hapo huenda shida ni hedi gasketi (gasketi ya kichwa cha injini), usiendelee kuitembeza.