Kukumbuka maana ya kivumishi "pacific"
Mwanafunzi wa Kiingereza anayekisahau kivumishi "pacific" akiunganishe na Bahari ya Pasifiki, ambayo baharia Ferdinand Magellan aliipa jina hilo mwaka 1520 kwa sababu aliikuta shwari baada ya kupenya kwa taabu mlangobahari wa kusini mwa Amerika. Asili yake ni Kilatini, pax, yaani amani, na facere, kufanya. Ndiyo maana kivumishi hiki hueleza aliye mpenda amani au jambo lenye kuleta utulivu (nasi wa Dar es Salaam, tunaoishi ndani ya neno salama, hatuna udhuru wa kukisahau). Mbinu hushindwa pale unapotaka kumsifu mtu asiyepaparika, kwani hapo Kiingereza hupendelea "calm". Na masikioni, "specific" (mahususi), linalosikika karibu sawa, huweza kukupotosha.