Namna ya kuchunguza depite wako: alipigia kura nini juu ya maji, pori na mine?

Bandugu ya L'shi (Lubumbashi), kampanye ikifika kila kandida anakuwa rafiki ya miti. Unaona foto ya Honorable na jembe mu mukono, kamuti kamoja, t-shirt ya parti, kisha basi. Sina shida na miti, lakini ile foto haikuambii kitu. Kama unataka kujua depite alifanya nini juu ya maji ya muto Kafubu ao juu ya pori yetu yenye inaisha mu makala, kuko njia, na haiombi ukuwe avoka. Inaomba paka kaye, megabaiti kidogo na roho ya kuuliza.

Anza na kalenda ya maisha yake, hii njo kazi ya maana kuliko yote na batu bengi banairuka. Andika uchaguzi ine: 2006, mwezi wa 11 2011, mwisho wa mwezi wa 12 2018, mwezi wa 12 2023. Ile manda ya 2011 ilirefuka sana, usishangae. Angalia mu ba listi ya CENI, ile tume ya uchaguzi, jina yake inatokea wapi, na ukirudi nyuma ya 2015 tafuta mu Katanga, juu Haut-Katanga ilikuwa haiyazaliwa bado. Andika pia parti, maana huku kwetu mutu anaweza kulala mu parti moja akaamuka mu ingine.

Pembeni ya ile kalenda sasa panga ba sheria. Kode ya pori, tarehe 29/8/2002, hiyo ilitoka mbele ya uchaguzi yote, kwa hiyo mutu asikudanganye. Sheria ya misingi ya kulinda mazingira, 9/7/2011. Sheria ya kulinda banyama na mapori, 11/2/2014. Sheria ya maji, 31/12/2015. Kode ya mine yenye ilibadilishwa, 9/3/2018. Sheria ya bapigme, 15/7/2022, hata hiyo weka, juu mapori yao iko ndani. Uelewe vizuri: ile tarehe ni siku Prezida aliweka sinyature, haiko siku ya kura. Kode ya mine kwa mufano, Parlema ilimaliza kuipigia kura mu mwezi wa kwanza 2018, sinyature ikakuja mwezi wa tatu, na katikati mabosi ya makampuni bakapanda kuona Kabila, Prezida wa wakati ile, balikuwa bakali kabisa.

Ukiweka bintu hibi mbili pamoja, bongo, ni kusema uongo, zinaanza kutoka zenyewe. Mutu alichaguliwa mara ya kwanza mu 2018, anakuja ku redio anasema "siye njo tulipigia kura kode mupya ya mine". Hapana baba, kura ilipigwa mu Januari, weye ulichaguliwa mu Desemba! Labda alikuwa supleani. Na ba supleani usibasahau: kila kandida anaenda na babili, na depite akiitwa kuwa minisitri ao guvernere, supleani njo anaikala mu kiti. Kwa hiyo ile miaka kura ni ya supleani, usimupe Honorable sifa ao lawama yenye haiko yake.

Kisha soma sheria yenyewe, ku leganet.cd utazipata mingi za bure. Usitafute paka zenye kuko neno "mazingira". Kwa siye bakatanga sheria kubwa ya mazingira ni kode ya mine, hata kama jina haisemi vile. Mule njo kuko redevansi, ile feza kampuni inalipa juu ya madini yenye inatoa, inagawanywa 50 kwa mia kwa serikali ya Kinshasa, 25 kwa provensi, 15 kwa komine ao shefri kwenye mine iko, na 10 kwa fonde ya bizazi bitakuja. Mule njo kuko 0,3 kwa mia ya mauzo ya kampuni kwa maendeleo ya batu ya karibu, na mule njo kampuni inashikwa kwa hasara ya uchafu wake hata kama hakuna mutu ameonyesha kosa yake. Uliza depite wako msimamo wake ilikuwa gani juu ya hizi, juu kusema "ninapenda mazingira" hakumunyimi mutu usingizi.

Kura sasa. Batu banasema kura ya depite ni siri. Haiko kweli. Konstitisio, artikle ya 121, inasema kura ya mwisho juu ya sheria nzima inapigwa kwa kuitwa jina moja moja na kujibu kwa sauti. Na artikle ya 118 inasema plenieri, kikao ya ba depite bote, iko wazi kwa raia, isipokuwa bakiamua kufunga milango, na majadiliano inatoka mu anali, bitabu bya Parlema. Sasa Palais du Peuple, nyumba ya Parlema, iko Kinshasa na siye tuko huku, kwa hiyo uliza sekretere ya depite, fwata ba plenieri ku RTNC, televizyo ya serikali, na uangalie talatala.cd, bale banafwatilia kazi ya ba depite. Lakini usifurahie haraka "ndiyo" yake, mara mingi karibu bote banasema ndiyo. Angalia nani hakukuwa mu chumba siku ile, nani aliongea mu komisio, nani alileta amandema (kuomba sheria ibadilishwe fasi fulani), na sheria ilitoka kwa serikali ao kwa depite mwenyewe.

Kuko mutego moja hapa. Tarehe 3/3/2023 sheria ya mazingira ya 2011 ilibadilishwa na kuingizwa mambo ya soko ya karboni, lakini ilikuwa ordonansi-lwa, nambari 23/007. Maana yake Parlema ilipatia serikali ruhusa ya kutunga sheria kwa muda, artikle ya 129. Utatafuta kura ya artikle kwa artikle mpaka utachoka. Uliza hivi: ulipigia kura ile ruhusa? Na ratifikasio yake, ile kura ya kuikubali nyuma? Vilevile Kuluari ya Kijani Kivu-Kinshasa ya mwezi wa kwanza 2025, ile eneo kubwa ya kulindwa, ni dekre ya serikali, depite mwenye anajisifu eti aliipigia kura umuachie tu azungumuze.

Miye binafsi ninaamini maswali kuliko kura. Artikle ya 138 inapatia depite bifaa: swali ya kuandika, swali ya mudomo, interpelasio (kuita minisitri ajieleze), komisio ya uchunguzi. Siku maji ya asidi inatoka mu usine inaingia mu nyumba za batu, nani aliandika kwa minisitri? Tarehe gani? Minisitri alikuja kujibu ao karatasi ililala mu biro? Depite mwenye aliuliza na akarudilia kuuliza, huyo ana kazi ya kuonyesha.

Wakati muzuri wa kumushika ni vakansi ya Parlema, kati ya 15/6 na 15/9, ao kati ya 15/12 na 15/3, ikikosa sesio ya pekee. Wakati ile banarudia mu manyumba na banapaswa kufanya rapore ya vakansi. Andika kwa heshima: "Honorable, jambo. Siye bakaaji ya kartie fulani tunaomba kopi ya rapore yako ya vakansi, na maswali yote uliandikia serikali juu ya maji na mine tangu uchaguzi. Aksanti." Weka tarehe, bakupatie akize ya resepsio, karatasi ya kuonyesha balipokea. Na depite wa provensi usimuache, asamble yake iko papa hapa mu mugini, ile 25 kwa mia inapita mbele ya macho yake na yeye njo ana haki ya kuuliza guvernere.

Yote ile uiandike ku ukurasa moja, na pembeni ya kila neno uandike ulitoa wapi. Fasi yenye haukupata, andika "haiyapatikana", usiandike "hakufanya kitu", juu hizo ni mambo mbili tofauti na ba kominikatere yake batakurukia pale pale. Ukituma mu WhatsApp tuma foto ya karatasi, ba odio ya dakika kumi hakuna mwenye anazisikiliza.