Kumpandisha Nyanya Mlima Bradbury Kabla Majani Hayajapukutika

Mimi ni mtu wa Mombasa, na kwangu mimi vuli ilikuwa mvua. Huku Maine, kaskazini-mashariki ya Marekani, vuli ni majani yanayogeuka rangi kabla ya kupukutika. Kila Oktoba tunapanda mlima kuyatazama, pamoja na jirani zetu wa kutoka Bukavu, watu kumi na mmoja kwa magari mawili. Mkubwa wetu ni mama mkwe wangu, mwenye miaka 71 na goti linalomsumbua. Watoto wote, wangu na wa jirani, humwita Nyanya. Nawaandikia nyinyi wenye wazee na watoto wadogo, mnaoona milima ni ya vijana peke yao.

Jambo la kwanza ni jua. Pwani tumezoea magharibi kuingia karibu wakati uleule mwaka mzima, kwa hiyo hatuna mazoea ya kulihesabu. Huku mwezi wa Oktoba siku hupungua karibu dakika tatu kila kukicha. Tarehe 10 Oktoba jua la Portland, mji mkubwa wa Maine, huzama dakika chache baada ya saa kumi na mbili jioni. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinarudishwa nyuma, na ghafla magharibi inaingia saa kumi na nusu. Mwaka wetu wa kwanza tulisubiri pilau iive ndipo tuondoke. Tulifika kileleni jua limeshainama, na tulipoingia tena chini ya miti giza lilikuwa limetutangulia. Nyanya alishuka ameshika mabega yangu, mizizi imefunikwa na majani yaliyolowa yanayoteleza, na mimi nikisoma kila dua niijuayo. Tangu siku hiyo tunatoka nyumbani saa tatu asubuhi, tunataka tuwe juu kabla ya adhuhuri, na kila mtu mzima ana tochi ya kuvaa kichwani hata kama asubuhi ni nyeupe pe.

Mlima wenyewe uko Pownal, nusu saa hivi kwa gari kutoka Portland. Bradbury una mita 148 tu juu ya usawa wa bahari, lakini juu kuna jabali tupu, pana, na siku ya anga safi unaiona ghuba ya Casco kule mbali. Kuna njia fupi ya takriban nusu kilomita, yenye mwinuko na mawe. Hiyo waachieni vijana. Sisi na Nyanya tunafuata ile inayozunguka kaskazini, kama kilomita moja na nusu, inapanda polepole. Nyanya ndiye anayetangulia. Hili ni muhimu kuliko viatu: anayekwenda taratibu akikaa mbele, wote wanakwenda mwendo wake, akikaa nyuma, kila mkimngojea mnaanza kutembea tena pale tu anapowafikia, na yeye hapumziki kamwe. Wakazi wa Maine waliofika miaka 65 hawalipi kiingilio, basi aje na kitambulisho chake.

Kusini mwa jimbo rangi hukolea zaidi katikati ya Oktoba; kaskazini ni mapema, tangu mwisho wa Septemba. Jimbo hutoa taarifa ya majani kila wiki, itazameni. Watoto wakiuliza, waelezeni: mti unapojiandaa kwa baridi huacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani, na manjano iliyokuwa imefichika humo siku zote ikaonekana. Nyekundu ni habari nyingine, hiyo mti huitengeneza wakati huohuo, na hukolea mchana ukiwa wa jua na usiku wa ubaridi usiogandisha. Mwekundu kuliko yote ni ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Mwanangu mdogo humchumia Nyanya moja, naye hulihifadhi ndani ya msahafu wake.

Nguo: acheni pamba mwilini. Ukitoka jasho wakati wa kupanda, fulana ya pamba inabaki na maji, na upepo wa kileleni unakuingia mpaka mfupani. Vaeni sufu au nguo za michezo, juu yake sweta, na koti jepesi la kuzuia upepo. Kanga mbili ziwemo mkobani daima: moja ya kukalia, moja ya kumfunika Nyanya miguu. Chakula ni chapati zilizokunjwa na mayai, mandazi ya jirani, na chai ya tangawizi kwenye chupa. Chai isisahauliwe.

Novemba ni msimu wa kuwinda paa kwa bunduki. Vaeni vizibao vya rangi ya chungwa inayowaka, watoto pia. Jumapili kuwinda ni marufuku kwa sheria ya jimbo, na sisi Waislamu siku hiyo inatufaa. Lakini jirani zetu hutoka kanisani saa nane, na kwa mwezi huo saa nane ni kuchelewa. Ndiyo maana safari ya pamoja tunaiweka Jumamosi ya Oktoba.

Mkirudi, hamjamaliza. Kupe wa huku huambukiza ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na bakteria, na kupe wakubwa hutembea sana miezi hii. Mmoja ni kama punje ya ufuta. Njiani suruali ziingizwe ndani ya soksi. Nyumbani, kabla mtu hajakaa kwenye kochi, nguo zinaingia kwenye mashine ya kukaushia kwa moto mkali dakika kumi, na kila mmoja anakaguliwa chini ya taa: nyuma ya masikio, kwapani, nyuma ya magoti, katikati ya mistari ya nywele za kusuka. Mkimkuta, mshikeni kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvuteni moja kwa moja bila kumsokota. Nyanya hukaguliwa wa kwanza, apate kutawadha na kuswali Alasiri kabla wakati haujapita.